Kazi Nyepesi

Asubuhi aliyorudi kiwandani, Maryanne alipita getini mkono wake wa kulia ukiwa ndani ya mfuko wa sweta, na mlinzi aliyezoea kumtania safari hii alimfungulia tu. Kabla ya ajali alikuwa mmoja wa wanawake waliokata minofu ya mbuta katika kiwanda hicho cha samaki kando ya ziwa, na wengi walikubali kwamba kisu chake hakikuacha nyama mfupani. Kisha siku moja akatumwa kusaidia kwenye mashine ya kuchuna ngozi. Kifuniko chake kilikuwa kimetolewa ili kazi iende haraka. Ngozi ilikwama, akanyoosha mkono kuivuta, na mashine ikamkata vidole viwili na kukivunjavunja cha tatu.

Miezi iliyofuata aliishi kwa fidia. Haikufikia mshahara wake, lakini ilifika, na yeye na mumewe Tom, fundi wa baiskeli pale Nyamasaria, walijua wapo wengi wasiopata hata hiyo. Kilichomchosha ni kukaa. Daktari aliposema anaweza kujaribu kazi nyepesi, nusu siku tu, huku fidia ikiendelea kuziba pengo la mshahara, Tom hakufurahi.

"Mama Ooko, ukionekana kazini watasema umepona," alimwambia, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Watakukatia."

Maryanne alimweleza kwamba amekwenda kuuliza ofisi ya kazi, na wamemhakikishia kuwa fidia haiguswi mradi afanye kile tu alichoruhusiwa na daktari. Sababu nyingine hakuitaja: kwamba alitaka mtu amuulize habari nyingine yoyote isiyokuwa ya mkono.

Msimamizi, Bwana Walubengo, alimpa kiti karibu na chumba cha baridi, abandike lebo kwenye maboksi kwa mkono wa kushoto. Kazi yenyewe haikuwa nzito. Uzito ulikuwa kukaa hapo akiwatazama wenzake wamesimama ndani ya gambuti kwenye maji ya barafu, kisha kuinuka mchana na kwenda nyumbani wakati wao wamebaki.

Akinyi hakuja kumsalimia. Kwa miaka walikuwa wamesimama meza moja, Akinyi akimwita nyar Usenge, binti wa Usenge, kwa kuwa ndiko Maryanne alikozaliwa. Hospitalini Akinyi alikuja mara moja, akasimama mlangoni mwa wodi, akaondoka. Sasa akipita karibu na kile kiti alitazama sakafu.

Kisha maneno yakaanza. Siku moja Maryanne alikuwa anavua aproni nyuma ya kabati za kubadilishia nguo alipomsikia mmoja wa wenzake akisema kwamba Maryanne siku hizi anakula kwa mikono miwili, mshahara huku na fidia kule, na yote hayo amekalia kiti. Wengine walicheka kidogo. Hakuisikia sauti ya Akinyi ikicheka, wala hakuisikia ikimtetea. Alingoja mpaka wametoka wote ndipo akatoka.

Wiki hiyohiyo ililetwa shehena kubwa ya samaki, na meza ya kukatia ikapungukiwa watu. Maryanne aliinuka kitini. Hakumuuliza mtu. Alichukua kisu, akakifunga kwenye kiganja cha mkono ule mbovu kwa kitambaa, akakaza fundo kwa meno na kusimama mahali pake pa zamani. Samaki wa kwanza alikwenda vizuri kiasi. Wa pili kisu kilipinda njiani, mnofu ukatoka umechanika kama ulioumwa na mbwa. Maumivu yalipanda hadi kwenye kiwiko. Alimvuta wa tatu hata hivyo.

Walubengo alimkuta hapo. Alimwambia kwa sauti ya chini aache, kwamba watu wa bima wanaolipa fidia yake wakisikia ameshika kisu watadai amepona, na kwamba hata bila wao, mkono huo anauharibu mwenyewe. Wanawake wote mezani waliacha kukata. Maryanne alikichomoa kisu kwenye kitambaa, akakiweka mezani na kuondoka.

Katika chumba cha kubadilishia nguo alihangaika na lile fundo. Mkono ulikuwa umevimba na kitambaa kimezama ndani ya nyama. Mlango ukafunguka, akaingia Akinyi. Alipiga magoti mbele yake akaanza kulifungua taratibu, na kitambaa kilipoanguka aliuona mkono kwa mara ya kwanza. Aliutazama muda mrefu.

"Walinihamishia kwa ile mashine," alisema. "Wewe ulipoumia tu. Kila nikikuona kwa hicho kiti, naona mkono wangu."

Maryanne alimuuliza kama kifuniko kilirudishwa.

"Wakaguzi wakija, kinawekwa. Wakienda, kinatolewa."

Basi Maryanne, badala ya kwenda nyumbani, alirudi ndani. Alimwita Walubengo mpaka kwenye mashine, akautoa mkono mfukoni na kuuweka juu ya bamba la chuma, mahali pale pale, wazi, kila mtu auone.

"Kama fidia yangu itakatwa kwa sababu ya leo, ikatwe," alisema. "Lakini Akinyi hasimami hapa bila kifuniko."

Walubengo alikuwa mtu wa haya, si mtu mbaya. Alinyoosha mkono akazima mashine na kumwita fundi. Kifuniko kilifungwa kwa boliti siku hiyo. Malori yaliondoka yamechelewa, meneja akamgombeza Walubengo mbele ya watu, na baadhi ya wanawake walinung'unika kwamba kazi imekuwa ya konokono. Lakini kifuniko kilibaki.

Fidia haikukatwa, ingawa watu wa bima walikuja kuuliza na Tom akakosa usingizi kwa ajili yao. Daktari alimrudisha Maryanne nyumbani mpaka uvimbe uishe, na ulipoisha akamweleza ukweli ambao labda ungemfikia tu hata bila siku ile: mkono huo hautashika kisu tena.

Jumapili baada ya kanisa, Akinyi alifika nyumbani kwao Nyamasaria na mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki baada ya minofu kutolewa, amekwisha kuikaanga. Alisonga ugali mwenyewe bila kuombwa. Maryanne alimwambia alichosema daktari, na kwamba Jumatatu anarudi kwenye maboksi. Akinyi hakutafuta la kumfariji. Alivuta sahani akaanza kumchambulia nyama kwenye mifupa. Maryanne alitaka kumzuia, kisha akamwacha, na wakala pamoja.