Meno ya Meneja

Saa nne asubuhi fundi wa meno ya bandia alimaliza kusawazisha gego la mwisho kwa tupa, akayasuuza meno yote, akampelekea meneja kwenye kisahani. Meneja akayavaa, akauma hewa mara mbili, akasema yamekaa vizuri. Kisha wakaingia kwenye usaili.

Kasoro ya meno ya fundi huyu ilijulikana karakana nzima: hayasemi uongo. Wakili mmoja aliyarudisha baada ya siku mbili. Bwana harusi mmoja, masikini, hakufika hata jioni. Lakini meno ya mafundi wengine yalimbana meneja, na meneja anapenda nyama.

Walioomba ukuu wa karakana walikuwa wawili: fundi, na mwenzake aliyefundishwa kazi na fundi huyohuyo. Fundi alitoka nchi nyingine, na sheria ilimruhusu mgeni mwenye cheo kumleta mtoto wake, mradi hajatimiza miaka kumi na minane. Binti wa fundi aliachwa kwao akiwa na pengo la meno ya utoto. Mwezi ujao anatimiza.

Miaka kumi na mmoja, jamani, na bado fundi wanamwita Mtu wa Kuja! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe alipewa siku ya kwanza. Kiti ndicho kilichokuwa kigumu.

"Maoni yako, bosi?" akauliza katibu wa usaili, waombaji walipokwisha kutoka.

Meneja alikusudia kusema fundi hana uzoefu wa kuongoza. Meno yakasema, "Anamshinda mwenzake kwa kila kitu. Namnyima kwa sababu katoka nje. Mwaka juzi nilifanya hivihivi."

Katibu akasimamisha kalamu. "Niandike yote?"

Meneja akayatoa meno, akayatumbukiza kwenye glasi ya maji. "Kata hiyo," akasema kwa fizi tupu. "Andika hana uzoefu."

Katibu akakata. Lo! Akakata kweli, tena kwa rula. Meno yaliendelea kusema ndani ya glasi, mapovu yakipanda, lakini ya ndani ya maji hayaingii kwenye muhtasari.

Mchana mkuu mpya alimletea fundi ile glasi, macho chini. "Samahani, mwalimu. Bosi anasema yanamkwaruza anapoongea. Yapunguze kidogo." Fundi akachukua tupa.

Jioni binti akapiga simu. "Baba, vipi, umepata?"

Fundi hana jino hata moja la bandia.

"Bado kidogo tu, mwanangu," akasema. "Anza kufunga mizigo."