Kona Moja Inanikataa

Nyumbani wananiita Bi Kwanini. Jina hilo alinibandika baba yangu nilipokuwa mdogo, baada ya kumuuliza swali moja mpaka akaacha chakula akatoka nje. Sasa mimi ni mtu mzima, nashona mapazia, nina wateja wanaoniheshimu, lakini ugonjwa haujapona. Nikiona dirisha la mtu limefungwa mchana kutwa, nitataka kujua kuna nini. Wenye midomo yao huuita umbea. Mimi nasema kuuliza si ujinga, na anayekasirika kuulizwa ana la kuficha.

Kwa hiyo msishangae kusikia kwamba Jumamosi ile nilikuwa katika ukumbi wa maktaba, namba imebandikwa kifuani, nashindana na watoto wa watu kupanga mchemraba wa rangi. Mnaujua: kile kidude cha pande sita, kila upande na rangi yake, unakivuruga halafu unahangaika kukirudisha kilivyokuwa. Sikwenda kutafuta kikombe. Nilikwenda na swali, na swali lenyewe lilimhusu Baba.

Baba ni fundi wa kufuli. Nusu ya milango ya mtaa wetu imepita mikononi mwake. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kufungua kibanda chake, alikuwa akikaa mezani na kuupanga mchemraba wake. Haukuwa mchezo. "Fundi wa kufuli hupima kichwa chake kwanza, ndipo ashike mlango wa mtu," alikuwa akituambia. Ukipangika, anavaa viatu. Na ulipangika miaka nenda miaka rudi, chai ikiwa bado inatoa moshi.

Kisha viungo vya vidole vikaanza kumuuma. Kaka yangu mkubwa, ambaye akiona mtu anateseka hawezi kukaa, akauchukua mchemraba, akabandua vifuniko vya katikati na kulegeza skrubu zote ili uzunguke kwa wepesi. Mimi nikatoa mafuta ya cherehani, akautia. Baba akaujaribu, akacheka kwa raha. "Sasa unakwenda wenyewe, mimi nausindikiza tu," alisema.

Wiki haikuisha. Asubuhi moja nilimkuta mezani, chai imepoa mpaka imeweka utando.

"Kona moja inanikataa," aliniambia.

Kesho yake vilevile. Nafika mwisho, alisema, kila kitu kimekaa, kona moja inanikataa. Baada ya siku chache za namna hiyo aliutia mchemraba kwenye droo, akamwita Kaka, akamkabidhi ufunguo wa kibanda.

"Watu wameniachia milango yao," alisema. "Siwezi kuishika kwa kichwa kinachovuja."

Kaka alimbishia. Lakini siku zile zile Baba akasahau birika jikoni, likaungua mpaka mpini ukayeyuka, na Kaka akaacha kubisha. Sote tukaanza, bila kuambizana, kumsemesha Baba polepole, maneno machache machache, kama watu wanaomwelekeza mgeni. Naye akaanza kutembea polepole hivyo hivyo, kana kwamba kuta zimesogea. Kibanda kikapata mtu, fundi viatu wa jirani aliyekuwa akikitamani siku nyingi. Jumatatu Kaka angempa ufunguo, na habari ingekuwa imekwisha.

Moyo uliniuma, sifichi. Lakini ndani ya maumivu yale kulikuwa na kitu kinaniwasha. Mtu anasahauje kitu kimoja, tena ncha yake tu? Baba alikuwa bado anakumbuka kufuli za watu waliokwisha kuhama. Kwa nini mikono ipange rangi zote na isahau kona? Nikanunua mchemraba wangu, nikajifunza kwa video za kwenye simu, mguu ukiwa kwenye cherehani. Nilitaka nifike pale aliposimama yeye, nione pakoje. Nikafika, nikapita. Kwangu kona zote zilikubali. Hapo ndipo niliposikia habari za mashindano, nikajiandikisha. Usilolijua ni usiku wa kiza, na wale wenzangu wa maktaba angalau wangekuwa na taa. Asubuhi ya Jumamosi nilifungua droo ya Baba, nikautia na mchemraba wake mkobani. Nilimwomba? Sikumwomba.

Ukumbi ule, jamani. Ukifumba macho ungedhani umeingia mahali wanapochambua maharage makavu, magunia kwa magunia, na hakuna anayezungumza. Ukifumbua, ni vidole tu. Wanatazamana, wanataniana, wanatafuna biskuti, na vidole havisimami. Ukiweka mchemraba uliovurugika mezani ukageuka kupiga chafya, utaukuta umepangwa. Hawawezi kuuacha. Nilimwona baba mmoja mwenye upara akiupanga wa mtoto asiyemjua, kisha akaomba radhi.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba kulikuwa na mtu ambaye kazi yake rasmi ilikuwa kuvuruga. Unampelekea mchemraba ukiwa umepangwa sawasawa, hiyo ndiyo sheria, anakwenda nao nyuma ya pazia (pazia lenyewe limeshonwa vibaya, pindo linapanda linashuka), anauvuruga kwa kufuata mpango aliopewa, anaurudisha umefunikwa kwa kopo. Mwamuzi anafunua kopo. Unaruhusiwa kuutazama kidogo, unaweka viganja juu ya saa ya mezani, ukiinua tu, saa inakimbia. Mvurugaji wetu alikuwa daktari wa meno, dada mmoja mrefu mwenye kucha fupi sana. Nilimuuliza kwa nini daktari mzima anakaa nyuma ya pazia siku yake ya mapumziko.

"Wiki nzima nanyoosha," alinijibu. "Acha na mimi nivuruge."

Nilimpenda hapo hapo.

Kila mtu alipewa zamu tano. Zamu yangu ya kwanza niliimaliza wakati binti wa meza ya pili amekwisha kumaliza, kunywa maji na kurudi. Mwamuzi wangu, kijana mpole, alijitahidi asipige miayo. "Hongera, Mama," alisema, na nilisikia kwamba anamaanisha pole. Zamu ya pili ilikwenda vizuri zaidi. Ya tatu nikaingiwa na tamaa, nikasema na mimi nikimbie, mchemraba ukanipasukia mikononi. Vipande vikaruka kila upande. Watoto wakatambaa chini ya meza kunitafutia, Mungu awabariki, lakini kimoja kilikuwa kimeingia nyuma ya kabati la vitabu, na kabati la maktaba halisogezwi kwa ajili ya mama mmoja.

"Unao mwingine?" mwamuzi akaniuliza. "Unaweza kuendelea na mwingine. Zamu mbili zimebaki."

Nilikuwa nao. Nikaenda kukaa pembeni, nikautoa wa Baba mkobani. Ilibidi kwanza niupange ndipo nimpelekee mvurugaji. Ulikuwa laini mno, unayumba, pande zinapishana kabla hujaziambia. Nikapanga chini, nikapanga katikati, nikafika juu. Rangi zikakaa. Ikabaki kona moja imegeuzia uso pembeni.

Nikadhani nimekosea. Jasho jembamba likanitoka, nikauvuruga na kuanza upya, safari hii taratibu, nikitaja kila hatua kwa sauti. Nikafika mwisho. Kona nyingine, lakini ugonjwa ni ule ule: iko mahali pake, majirani zake wametulia, yenyewe imejipinda.

Kona moja inanikataa.

Niliyasikia maneno kwa sauti ya Baba kabisa, na nywele zikanisimama. Daktari wa meno alikuwa akipita na makopo yake. Akainama, akatazama mara moja tu.

"Ah, kona imejipinda. Lete nikurekebishie," akasema, na kidole gumba chake tayari kilikuwa juu yake.

"Usiiguse!"

Nilipiga kelele. Vidole vyote vya ukumbi vilisimama, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Dada wa watu akarudisha mkono kifuani kana kwamba mgonjwa amemng'ata.

"Samahani, mwanangu," nikasema. "Niambie kwanza. Imejipinda ni nini?"

Akachutama karibu yangu. Akanieleza kwamba kona ina rangi tatu, na kwamba mchemraba ukilegezwa kupita kiasi, kona huweza kugeuka yenyewe pale ilipo, mtu akiwa anazungusha, wala asihisi. "Ni jino lililojigeuza ndani ya fizi," alisema. "Utapiga mswaki mpaka kesho, halitanyooka."

"Na mtu akizungusha vizuri, akafuata kila hatua?"

"Haiwezekani. Hesabu zenyewe hazikubali."

"Hata bingwa?"

"Hata bingwa."

"Hata mzee aliyeupanga kila asubuhi tangu mimi sijaolewa?"

Akanitazama, akaelewa kwamba hatuzungumzii tena mashindano. "Hata yeye, Mama. Hakuna aliyezaliwa wa kuupanga huo. Dawa yake ni kuishika kona yenyewe, kuigeuza kwa nguvu. Basi." Akaubonyeza mchemraba kwa vidole viwili, pande zikacheza. "Nani aliulegeza namna hii?"

Nilikuwa nakiona kile kibisibisi mkononi mwa Kaka, na chupa ya mafuta mkononi mwangu.

Namba yangu ikaitwa. Daktari akaniambia anaweza kuirekebisha kona kwa kufumba na kufumbua, nimalizie zamu zangu, kisha kama nataka niipinde tena nyumbani. Na mimi nilitaka kumaliza, msidhani vinginevyo. Nilitaka namba yangu ibandikwe ukutani, hata chini kabisa. Lakini namjua Baba. Fundi wa kufuli ukimletea kufuli lililokwisha kufunguliwa, atakuambia umemletea hadithi. Kona iliyojipinda namna hii ndiyo iliyomtoa kazini. Nilitaka aikute kama ilivyo.

"Najitoa," nikamwambia mwamuzi, nikatoka na namba yangu kifuani.

Nilimkuta Baba sebuleni, na Kaka yuko naye, anamwelekeza polepole habari ya fundi viatu na Jumatatu. Baba anaitikia kila neno. Nikauweka mchemraba mbele yake.

"Nani alikuruhusu kufungua droo yangu?" akauliza.

"Hakuna. Baba, upange."

"Bi Kwanini, usinitese."

"Upange mpaka pale unapokukatalia. Nataka kupaona tu."

Kaka akanikonyeza ninyamaze. Sikunyamaza, sijawahi. Nikauvuruga, nikamtia mkononi. Baba akashusha pumzi, na vidole vikaanza kwenda, vimevimba viungo lakini vinajua njia, na mimi niliyetoka ukumbi wa mabingwa nikaona kwamba hakosei kitu. Akafika juu. Akasimama.

"Hapo," akasema, akaniwekea mezani. Uso wake ulikuwa umejaa aibu, nikatamani kulia. "Umepaona? Haya."

"Baba, mtu akikuletea kufuli ambalo pini yake imepinda ndani, ukalitia ufunguo wake halisi, litafunguka?"

"Litafungukaje?"

"Hata ukilitia wewe?"

"Hata mimi. Kosa si la ufunguo. Unalifungua lenyewe, unainyoosha..."

Akaunyanyua mchemraba, akausogeza karibu na dirisha. Akaubonyeza kama alivyofanya yule daktari, akasikiliza unavyocheza. Kisha akaweka kidole gumba juu ya kona, akaigeuza. Ikalia *tak*. Kila upande ukawa na rangi yake.

Kaka ndiye aliyeanza kusema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Ni mimi. Ni zile skrubu."

"Na mafuta ni yangu," nikasema upesi.

"Mlinihurumia vidole," Baba akasema. Machozi yalikuwa yakimshuka na hakuyafuta. "Nani atawakasirikia? Lakini wanangu, nimejizika. Nimekaa humu siku zote hizi nikijifukia mwenyewe, na nyinyi mkinishikia koleo."

Kaka akainama. Halafu, maana ni mtu wa haki na hawezi kujizuia, akauliza kwa unyonge: "Na birika, Baba?"

"Birika nilisahau. Ninazeeka, sijasema sizeeki. Mama yenu aliunguza masufuria akiwa msichana, mbona hakuna aliyemnyang'anya jiko?" Akanyoosha mkono. "Ufunguo wangu."

Kaka akatoa funguo zake mfukoni, akaanza kuhangaika na ile pete inayozishika. Ilikuwa ngumu. Akajaribu kwa ukucha, akajaribu kwa meno. Baba akamwangalia akihangaika, akavumilia, akashindwa kuvumilia. Akamnyang'anya, akaitanua pete kwa kidole gumba na kuutoa ufunguo wa kibanda bila kuutazama. Macho yake yalikuwa kwenye namba iliyobandikwa kifuani pangu.

"Na wewe umekuwa wa ngapi huko?"

"Sikumaliza."

"Kwa nini?"

Nilitazama kiganja chake kilivyoufumba ufunguo. Nikaenda jikoni kubandika chai, na birika nikalisimamia mwenyewe mpaka likachemka.