Vitovu vya Bi Zeyana

Siku ya pili ya mafunzo ya kufuma vitambaa, bati la biskuti lilibaki na vitovu vinne tu, na Bi Batuli alilifunika haraka, wanafunzi wasione.

Kitovu ni kile kiduara cha katikati, ambako kipande cha mraba huanzia. Yeye aliwagawia vilivyokwisha fumwa, akawafundisha kuzungushia rangi, nyekundu, kijani, njano, hadi kona nne zitokeze. Ndivyo alivyozoea. Marehemu Sabiri alikuwa na wake wawili: mkubwa, Bi Zeyana, alianza vitovu; mdogo, Batuli, alimalizia. Mume alipofariki, Zeyana alihamia kwa mwanawe huko Isikizya, akaacha bati limejaa vitovu, na mtaa mzima ukasifu vitambaa vya makochi vya Batuli. Naye akaitikia, "Alhamdulillahi," akaishia hapo.

Sasa Recheli, mwanamke wa Igalula asiyekaa na neno moyoni, alikuwa amefumua kipande chake chote.

"Bibi, nimekosea nikavuta. Nionyeshe mwanzo."

"Chukua kingine."

"Nikirudi Igalula nani atanigawia? Au nibebe na bati lako?"

Wenzake wakacheka, wakasogea. "Kweli, Bibi, tuonyeshe."

Batuli akazungusha uzi kidoleni, akaingiza sindano, akavuta. Kiduara kikafunguka. Akarudia, kikajisokota kama kamba ya mbuzi. Wanawake sita walimtazama mikono.

"Labda uzi mbovu," mwanafunzi mwingine, Pelagia, akamtafutia njia ya kutokea.

Njia ilikuwa nzuri. Lakini Batuli alikuwa ametoka kusali Alasiri, udhu haujakauka; angedanganyaje?

"Uzi mzima. Mimi ndiye nisiyejua. Vitovu vyote ni vya mke mwenzangu. Miaka minne nimekula sifa zake."

Hakuna aliyecheka. Recheli aliinamisha uso, na hilo lilimchoma Batuli kuliko kicheko. Akachukua simu. Hakuwa amempigia Zeyana tangu eda yao iishe.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Vitovu vimekwisha?"

"Vimebaki vinne. Dada, nimewaambia ni vyako."

"Umewaambia lini?"

"Leo."

"Mh! Leo." Kuku alilia upande wa pili. "Haya. Kesho nakuja na gari la asubuhi. Na wewe utakaa mkekani, na wanafunzi."

"Ndiyo, dada."

Batuli hakungoja kesho. Alishuka kitini, akajikunja mkekani, na Recheli akamsogezea nafasi bila kumtazama.