Bingwa Asiyebisha Hodi

Jana nililala saa tatu, na kabla shuka halijapata joto nikaota mimi ni mkimbiaji wa mbio za kuteleza kwenye theluji, niko kileleni mwa mlima, miguuni nimefungwa vibao viwili virefu. Nina miaka arobaini na tatu, ni fundi cherehani hapa Uyole, na barafu pekee niliyowahi kuikanyaga ni ile inayodondoka kutoka kwenye friji ya jirani yangu muuza soda. Nilishtuka sana, lakini hakuna aliyenijali.

Kocha wangu alikuwa pasi yangu ya mkaa. Alikuwa anavipaka nta vibao vyangu huku akifuka moshi.

"Sheria ni moja," akasema. "Kuna malango thelathini mpaka chini. Unayapita yote. Kila lango ni mwaka mmoja wa maisha yako ya mbio."

"Na nikikosa moja?"

"Usikose." Jogoo wa chuma kwenye kifungio chake akawika, na kumbe hiyo ndiyo ishara ya kuanza.

Nateremka. Lango la kwanza ni mlango wa mbao uliosimama peke yake kwenye theluji. Mimi nimelelewa, kwa hiyo nasimama, nabisha hodi, nangoja. "Karibu," unasema mlango. "Za utokako?" Nasema nzuri. Unaniuliza watoto hawajambo, nasema hawajambo, ndipo napita. La pili vivyo hivyo. La tatu linataka kujua kama nimekula. Kipaza sauti kinatangaza kwamba mwaka wa kwanza nimekuwa wa mwisho, wa pili wa mwisho, wa tatu wa mwisho.

Kwenye lango la saba kocha anateleza kando yangu kwa kitako chake cha moto.

"Wenzako hawabishi hodi," anasema.

"Wanaingia tu nyumba za watu?"

"Wanaupiga mlango ngumi, unalala, wanapita. Na medali wanavaa."

Sikuamini. Lakini lango la nane nalipiga ngumi, linalala, linasema "Aa" kwa sauti ndogo, na mimi naibuka wa kwanza. Niliona aibu kwa lango moja hivi. Kufikia la kumi nilikuwa nimezoea.

Kwenye lango la kumi na tisa goti langu la kushoto linachomoka. "Mimi nimefika," linasema, linakaa pembeni. Mara tuko dukani kwangu, cherehani inalirudisha goti kwa mishono sita ya uzi mweupe na kuniamuru nisiinue kitu kizito wiki mbili. Sijashukuru bado, nimerudi mlimani, naongoza.

Lango la thelathini ni la bluu. Liko wazi kidogo, na ndani amesimama dada yangu Ikupa na kikombe cha chai kilichofunikwa kisosi. Ikupa anakaa Tukuyu. Miaka miwili iliyopita alinialika niione nyumba yake mpya, nikamjibu nina sare za shule za kumaliza. Akanyamaza, nami nikanyamaza, mpaka tukawa hatusemeshani. Sasa ananitazama. Saa inasema nimewazidi wenzangu kwa sehemu moja ya mia ya sekunde.

Nainamisha kichwa, napita.

Chini wananivika medali. Watu wanashangilia. Mwamuzi, ambaye ni futi yangu ya kupimia nguo, ananijia akiwa amejikunja.

"Bingwa, lango la mwisho hukubisha hodi."

"Hakuna aliyebisha."

"Wao hawakupita kwa dada zao."

"Basi chukueni medali."

"Medali ni yako. Lango ndilo tunaling'oa."

"Na aliye ndani?"

"Anang'oka nalo," akasema, akajipima urefu.

Nikageuka. Juu kule watu wawili walikuwa tayari wanaingiza mtaimbo chini ya fremu, na Ikupa amesimama vilevile, chai mkononi. Niliitupa medali, nikaanza kupanda ubavu ubavu na vibao vyangu, nikilia waziwazi.

"Tunakwenda wapi tena?" goti likauliza.

"Kwa dada."

"Sawa," likasema, wala halikulalamika tena.

Nikafika. Nikabisha kwa nguvu zangu zote. "Hodi. Hodi, dada. Hodi." Mlango ukaanza kuegama, na kabla sijasikia karibu nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Vifundo vya vidole vya mkono wangu wa kulia vilikuwa na rangi ya bluu, mbichi, na nyumbani kwangu hakuna rangi ya bluu. Nilivitazama mpaka chai niliyobandika ikafurika jikoni. Kisha nikapiga simu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," akasema Ikupa. "Kuna msiba?"

"Hapana. Mlango wako una rangi gani?"

"Bluu. Nimeupaka jana jioni. Halafu usiku kuna mtu amebisha hodi mara tatu. Nimeitikia karibu, nimefungua, sikuona mtu. Ameniachia alama za ngumi kwenye rangi."

Nikakaa sakafuni. "Alikuita dada?"

"Aliniita," akasema Ikupa. "Mtu huyo akirudi, aje na brashi."

Brashi nimeshaiweka kwenye mkoba. Mkono sijaunawa.