Mpira wa Chini ya Kidevu

...wasimtazame tu, basi, Kipchumba hakuomba zaidi ya hilo, wenzake wa timu waendelee kubishana juu ya Wajapani na Wamarekani wao mpaka chai iishe vikombeni na kila mtu ashike njia yake, maana Derrick alishaanza kukaribia pale pabaya, timu ya besiboli bila mrushaji ni timu gani, na mrushaji wao alihamia Leeds tangu Novemba, na timu yenyewe imepandishwa ligi ya juu, na mvua ya Januari ilikuwa ikipiga dirisha la mkahawa huu wa Erdington, huku ughaibuni, kana kwamba Aprili haitafika kamwe, ingawa itafika, viwanja vitakauka na mtu mmoja atasimama katikati akiwa na mpira mkononi... "Yule waliyemsajili kutoka Japani hatafua dafu Marekani," Derrick alisema, "kwao alikuwa anarusha mara moja kwa wiki, huko ni kila baada ya siku nne, mkono utakuwa umechoka kabla ya Juni," na Charanjit, nahodha wao, akakataa kwa kichwa, "Mkono si tatizo, tatizo ni mpira, wa Marekani ni mkubwa kidogo halafu unateleza," unateleza, neno lile Kipchumba alilijua, uliteleza, mwalimu, ni jasho, mpira uliteleza, ndivyo alivyosema siku ile kule Meru akiwa na miaka kumi na saba, na mwalimu akaandika ajali, na mamake akamwambia kwa simu pole mwanangu, pole yeye, wakati aliyelala kwenye nyasi alikuwa yule msichana mpigaji, helmeti ya kuazima, kubwa kuliko kichwa chake, imegeukia upande, na damu nyembamba kama uzi ikimtoka sikioni... kunywa chai, alijiambia, kunywa chai kama watu, lakini akakiacha kikombe, akaificha mikono chini ya meza, mikono hii hii ambayo kila asubuhi huko Hodge Hill huosha nywele za wazee wasioweza kujiosha, hupima joto la maji mara mbili, mara tatu, mpaka wenzake kazini humcheka... miaka tisa sasa, na hawa wote wanadhani anapenda tu kucheza kule mwisho wa uwanja, upande wa kulia, ambako mpira hufika kwa nadra, na yeye amewaacha wadhani hivyo.

"Rekodi za ligi ya chini ni karatasi tu," Charanjit alikuwa akisema, "hata hawa Wamarekani wanabahatisha, hujui mtu ni nani mpaka apande," na Derrick akaweka kiwiko mezani, akainama mbele, "Mimi nitakwambia tofauti ya ligi na ligi, wapigaji wa huko juu hawaogopi, wanasogea mpaka karibu wakanyage kibao cha pale mpigaji anaposimama, kwa hiyo mrushaji sharti awarudishe nyuma, unampitishia mtu mpira hapa," akapitisha vidole chini ya kidevu chake mwenyewe, akicheka, "mara moja tu, atakuheshimu siku nzima," mara moja tu, Mungu wangu, mara moja tu, Kipchumba alihisi jasho likishuka mgongoni ndani ya sweta, kwa nini mkahawa huu una joto hivi, mlango uko wapi, mara moja tu, si ndivyo alivyojiambia, msichana alikuwa amemchapa mara mbili, mipira yote miwili ikaruka uzio ikaangukia kwenye sukuma wiki za shule, na wavulana wakalala chini kwa kicheko, Kipchumba amechapwa na msichana, naye msichana hakucheka, alirudi tu mahali pake, akagusa kibao kwa gongo, akasogea hatua moja mbele...

"Jamani, mnahangaika na watu wa Japani na mrushaji tunaye hapa," ilikuwa sauti ya Nyokabi, mdakaji wao, nesi wa Newtown asiyesema mengi, "Septemba iliyopita, huyu alinirushia kutoka kule mwisho kabisa, kiganja kikaniuma siku mbili," na sasa walimtazama, wote watatu, ndiyo hii, imefika, "Kweli, Kipchumba? Uliwahi kurusha?" Charanjit aliuliza, na Nyokabi akamwinamia, akaingia kwenye Kiswahili, "Mkono huo umeuficha wapi, ndugu yangu?" na uongo ukamjia kwa wingi, bega, zamu za kazini, macho, aseme bega, bega linauma, hakuna anayelipima bega la mtu mezani, lakini alishauona mwezi wa Aprili, mpigaji asiyemjua amesogea mpaka kwenye kibao, Derrick anapiga kelele pembeni, mrudishe nyuma, na vidole vyake vikiushika mpira, vikavu, imara, kama vilivyokuwa vikavu siku ile, maana hapakuwa na jasho, palikuwa na baridi ya asubuhi ya Meru na mpira ulimtoka vizuri kuliko mpira wowote aliowahi kurusha, aliulenga uso, akautazama mpaka ulipofika, na kwa nukta moja, kabla ya ule mlio, alifurahi... akabaki ameduwaa mbele ya wazo hilo, kwa hiyo ndicho hiki, ndicho alichokuwa akikikimbia mpaka kwenye nyasi za mwisho, ile furaha, si mpira...

Derrick akachoka kungoja jibu, akamgeukia Charanjit, wakarudi kwa Wajapani wao, mrushaji wa mkono wa kushoto je, ila Nyokabi hakugeuka.

"Kuna msichana nilimpiga kichwani, shuleni," Kipchumba alisema polepole, kwa Kiswahili, "sikio moja halisikii. Watu wanajua ni ajali. Nilimlenga."

Nyokabi hakusema pole. Nje mvua ilikuwa ile ile, na hofu ilikuwa bado imemkaa Kipchumba kifuani, nzima.

"Aliitwa nani?" Nyokabi aliuliza.

Aliitwa, kama mtu wa kaburini, na Kipchumba, ambaye mwaka jana alimwona msichana yule kwenye simu akiwa mwalimu, amesimama mbele ya darasa na kichwa kimeinama kidogo ili sikio zima liwaelekee watoto, kisha akaizima simu haraka, akatikisa kichwa.

"Anaitwa," alisema. "Yuko hai. Anaitwa Kendi."