Waliosuka Nondo

Dada yangu alipokubali nikae kwake mpaka goti lipone, alitoa sharti moja: nisikae bure. Yeye ni fundi cherehani, na chumba chake cha mbele kimejaa vitambaa mpaka madirishani. Mtu asiye na shughuli mle ndani hugeuzwa kuwa kabati, anawekewa suruali za watu mapajani.

"Kaka, umeitembea dunia kwa miguu," aliniambia, pini zikiwa mdomoni. "Sasa tembea kwa vidole."

Binti yake, yaani mpwa wangu, ana duka la kutoa nakala na kuchapa barua nyumba ya pili. Ndiye aliyeniletea kompyuta yake kuukuu, ile ambayo herufi zimefutika kwenye vitufe, akanionyesha kamusi elezo ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuiandika, kwa kujitolea, bila kuulizwa cheti. Hilo la cheti lilinifurahisha. Shule mimi nimeisoma vipande vipande: darasa la pili hapa, la tano kule, masomo ya jioni ndani ya ghala la reli, na magazeti niliyofungiwa karanga. Nilipotakiwa kuchagua jina la kuingilia nikaandika Mguu Njiani, maana ndivyo ninavyoitwa tangu ujana.

Siku ya kwanza nilivuruga. Nilikuta makala ya mji mmoja wa mgodi ambako niliwahi kuwa mpishi. Ilikuwa mistari mitatu tu, na chini yake pameandikwa kwamba bado ni mbegu, yaani wanaomba mtu aikuze. Basi nikaikuza. Nilianza kwa kuwasalimu wasomaji, nikaeleza baridi ya kule, nikamsema mwenye nyumba aliyeninyima blanketi, nikafunga kwa kuwatakia kila la heri na kutia sahihi. Nikaenda kunywa chai. Kurudi, nakuta mistari mitatu ile ile.

"Nani huyu ananifuta kama ubao?" Nilifoka mpaka cherehani ikasimama.

Mpwa wangu alicheka hadi akaushika mlango. "Mjomba, hii si barua! Hebu bonyeza hapa, ukurasa wa majadiliano. Mwenyewe amekuandikia."

Kweli aliniandikia, mtu anayejiita Kalamu Butu. "Karibu sana, Mguu Njiani. Nimeirudisha makala ilivyokuwa, lakini maneno yako hayajapotea, yamo kwenye historia ya ukurasa. Hapa hatuandiki tuliyoyaona wenyewe. Tunaandika yaliyokwisha kuchapishwa, na tunaonyesha wapi. Usivunjike moyo. Mimi makala yangu ya kwanza ilifutwa pia, na nilikuwa nimetia shairi ndani. Ukikwama niite."

Hasira zikaniishia. Nimefundishwa kazi nyingi maishani, nyingine kwa makofi, na sikumbuki kuanza hata moja kwa kuambiwa karibu sana. Nikakaa chini nikajifunza. Nilijifunza kuweka tanbihi, kuunganisha kurasa, na kuacha kuandika "mji mzuri sana", maana msomaji atauliza mzuri kwa nani. Kalamu Butu alipita nyuma yangu akinirekebisha, kama mama anayemfunga mtoto vifungo alivyovikosea, na kila mara aliacha neno moja la kunipa moyo.

Dada alikuwa akiyasikia yote, mguu ukiwa kwenye pedali. Asubuhi moja akaacha kushona.

"Daraja letu limo humo?"

Lilikuwamo. Ni daraja la zege linalovuka mto hapa mjini, na marehemu mumewe alilijenga. Alikuwa fundi wa nondo. Yeye na wenzake ndio waliosuka vyuma vya nguzo kabla zege halijamwagwa. Mwaka huu wanalibomoa, kwa sababu jipya limeshasimama pembeni. Nikamsomea makala yote: urefu, upana, mhandisi mkuu, waziri aliyekata utepe.

"Na shemeji yako?"

"Hayumo."

"Muweke."

Alilisema kwa wepisi, kama mtu anayeomba mgeni aongezewe kikombe. Halafu akalainisha kitambaa ambacho hakikuwa na kunyanzi.

"Wakishabomoa, alichokifanya kitakuwa wapi tena? Kaburini pameandikwa alizaliwa na akafa. Hapo katikati je?"

Nikamuweka, mstari mmoja safi. Nilijua litakalotokea, ila uso wa dada yangu uliniponza. Hata saa ya chakula haijafika, mstari umeondolewa. "Pole sana, ndugu yangu," aliandika Kalamu Butu. "Kuna gazeti, kitabu au ripoti yoyote inayomtaja?" Mpwa wangu alifunga duka akaenda maktaba, akarudi ana vumbi hadi kwenye nyusi. Mhandisi anatajwa, waziri ndiyo usiseme, na mafundi wametajwa kwa jumla pamoja na kokoto.

Dada alipoambiwa hakulia. Alinipakulia chakula bila kuniita kaka, na hilo liliniuma zaidi.

Kesho yake alinijia. "Tunga kitabu."

"Kitabu gani?"

"Chochote. Taja kitabu na ukurasa, umalize. Nani atahangaika kukitafuta?"

Alisema kweli. Kalamu Butu angenishukuru, mambo yangeisha. Vidole vilikuwa tayari juu ya vitufe.

"Dada, yule mtu ananiamini."

"Humjui hata sura! Pengine ni kuku anadonoa vitufe."

"Basi ni kuku mwenye adabu."

Hakucheka. "Mimi je, mimi unanijua?"

Niligeuza kiti nikamwelekea. Kisha nikamwambia nilichokuwa nakiogopa. "Nikimshikiza shemeji kwa kitabu cha uongo, siku wakigundua watamng'oa yeye na kitabu pamoja. Atakayesoma historia ya ukurasa atadhani hata huyo fundi tulimtunga. Unataka mumeo aonekane katungwa?"

Alirudi kwenye cherehani yake.

Mimi nikamwandikia Kalamu Butu habari nzima, mpaka la kitabu. Alijibu kwa swali fupi: "Kuna picha ya kazi hiyo? Picha haidai kitabu, inataka ruhusa ya aliyeipiga, basi."

Dada aliingia chumbani, akakaa huko, akatoka na picha iliyojikunja pembe. Wanaume watano juu ya majukwaa ya mbao, nyuma yao nondo zimesimama wima kama mabua. Wa katikati ni shemeji, koleo mkononi, amekunja uso kwa jua.

"Aliipiga nani?" nikauliza. "Huyo ndiye mwenye picha. Kama ni wa studio, tukamtafute yeye au watoto wake."

"Si studio." Akavuta kiti. "Ni mimi."

"Mama!" mpwa wangu akaruka. "Wewe na kamera wapi na wapi?"

"Bibi aliyenifundisha ushonaji alikuwa nayo, ya kupigia magauni ya maharusi. Niliiazima bila kumsumbua kwa kumwambia. Nikampelekea baba yako chakula, msimamizi akanifokea kwamba hapa si sokoni. Nikabonyeza mara moja, nikakimbia na vyombo vyangu."

Tulicheka wote watatu, naye akacheka mpaka akafuta macho.

Kalamu Butu alinielekeza taratibu. Picha itakaa kwenye makala, na chini yake yataandikwa maneno machache tu, kwamba ni mafundi wakisuka nondo za nguzo. Lakini picha nayo ina ukurasa wake, na hapo aliyeipiga hueleza alichokipiga na waliomo. Ukiibonyeza picha, unawakuta.

Dada alifikiri. "Yaani mume wangu yuko chumbani, na sebuleni wamekaa akina waziri."

"Ndivyo ilivyo."

"Sawa. Sebule hata alipokuwa hai ilimchosha."

"Na jina lako liwepo," nikamwambia. "La mpiga picha."

"Langu la nini? Nilibonyeza tu."

"Mama, kama hukubonyeza wewe tungekuwa na nini leo?" mpwa wangu akamwambia, na tayari alikuwa akimfungulia akaunti. Wakaelewana aitwe Mama Cherehani, kama mtaa mzima unavyomwita.

Basi akasimama nyuma yangu, futi ya kitambaa shingoni, akawa anataja nami naandika. Alianza na mumewe, majina yote matatu, akanitaka nimsomee mara mbili. Kisha akaendelea mwenyewe bila kuombwa. Huyu wa kushoto ni yule tuliyemwita Bwana Polepole, hajawahi kukimbia hata mvua, yuko hai, anakaa ng'ambo ya mto. Huyu alihamia kwa wakwe zake. Huyu alikufa mwaka ule ule daraja lilipofunguliwa, maskini, hakulivuka. Kila mmoja alimpa jina lake kamili. Akafika kwa wa tano, kijana mwembamba aliyegeuza uso kidogo.

"Na huyu ni..." Akaisogeza picha dirishani. "Alikuwa akiomba chumvi kila siku. Kila siku! Alikuwa akicheka kama anakohoa. Jina lake... jamani, jina lake."

Tulisubiri. Halikuja.

"Niandike 'na fundi mwingine'," nikasema.

Aligeuka akanitazama kama vile nimemtukana. "Fundi mwingine? Mtu amekula chakula cha mkono wangu, leo awe fundi mwingine?"

Akavua futi, akaitupa juu ya vitambaa, akatafuta viatu.

"Mama, kuna mteja anakuja kuchukua gauni," mpwa wangu akamkumbusha.

"Asubiri. Bwana Polepole atakuwa anamjua, walilala banda moja." Alikuwa ameshafika mlangoni. "Kaka, usihifadhi kitu hapo mpaka nirudi. Umesikia?"

"Nimesikia."

Nikaondoa mkono kwenye kitufe nikauweka mapajani. Haikupita muda mteja akaingia, mama mwenye haraka zake, akaniuliza fundi yuko wapi.

"Amevuka mto," nikamjibu. "Amekwenda kumtafutia mtu jina lake. Vuta kiti ukae, mama."