Vyombo vya Kilio

Hortense hakuwa mvivu, na anayesema hivyo pale Kampemba aende akamwambie usoni tuone. Nyumba yake ilijaa kwa sababu moja tu. Mwanawe Paulin alipofariki, majirani walileta sufuria, viti na mabeseni ya kuwapikia watu wa kilio, na mtaani kwao vyombo vya kilio havidaiwi. Mwenye msiba huvirudisha mwenyewe, siku moyo wake ukitulia. Wa Hortense haukutulia. Mwaka ulikatika, na vyombo vilikuwa bado vimerundikana hadi darini katika chumba cha marehemu.

Tena humo ndani Paulin alikuwa akikohoa. Kila jioni, bukari ikiwa jikoni, kikohozi chake kilekile kikavu kilisikika nyuma ya rundo. Hortense hakuogopa hata kidogo. Alijibu, "Pole, papa," kama alivyozoea kumbembeleza, akaendelea kusonga ugali huo.

Kisha bintiye Keren akapiga simu kutoka Mokambo. Mume amemfukuza, anarudi Jumamosi na mtoto mchanga. Chumba cha kuwaweka kilikuwa hicho hicho.

Ijumaa Hortense alijifunga kitenge, akaanza na vilivyo karibu na mlango, apate kwanza pa kukanyaga. Kila chombo alikipindua kutafuta alama ya rangi ya kucha chini yake: V ya Virginie, jirani wa ukuta mmoja; msalaba wa watu wa kwaya. Vya wenyewe akaviweka barazani, vilivyotoboka akavitupa, na vyake vichache akavipanga vidogo ndani ya vikubwa. Akasugua kwa majivu, akarudisha nyumba kwa nyumba. Sufuria kubwa ya Virginie ilitoka mwisho.

Jumamosi jioni chumba kilinukia sabuni, na kilikuwa kimya. Hortense alisimama na mwiko mkononi, akisubiri. Wapi! Akalia kama siku ya kwanza, akajilaumu kwamba amemfagia mwanawe pamoja na vumbi.

Mara Virginie akaingia mbio, sufuria kifuani.

"Mama Paulin, pokea. Mutoto wako iko nakohola humu."

Hortense akaitegea sikio. Kweli, alikuwemo. Furaha ikampanda hadi akaona haya. Akaikumbatia sufuria, akaelekea nayo chumbani. Mlangoni akakutana na Keren, ndiyo kwanza anafika, vumbi la safari hadi kwenye nyusi, mtoto amelala mgongoni.

"Mama, mutoto alale wapi?"

Hortense aliitazama sakafu tupu. Kisha akamwelekezea Virginie ile sufuria. Virginie alirudi nyuma. Hortense hakushusha mikono mpaka ikapokelewa.

"Enda nayo, ni yako," alisema. "Akikohola, umupe mayi ya kunywa."